Kona ya Turubai

Jumatatu saa moja asubuhi, Gidudu, askari wa magereza mjini Jinja, alimfunga mahabusu Conrad kamba ya manila kiunoni. Akapiga mafundo mawili, akavuta kujaribu. Night, mke wa Gidudu, akaleta chai ya maziwa na viazi vitamu.

"Ale ashibe," alisema. "Akishiba haendi juu sana."

Conrad alianza kuelea mwezi wa tatu, mahakamani Mbale. Mtaalamu wa kompyuta alifungua kampuni ya Conrad ya sarafu za mtandaoni mbele ya hakimu, akatafuta, akasema ndani hamna kitu. Hapo miguu ya Conrad ikaachana na sakafu. Hakimu alimwambia asimame vizuri, akaahirisha kesi.

Askari nao walikuwa na kosa lao. Mwaka juzi Conrad alikuja kambini na kaunda suti, akawasemesha Kiswahili kikavu cha gwaride, lugha ya wakubwa wanapotoa amri: "Kila mtu milioni mbili! Haraka!" Mtu aliyetumikia serikali miaka kumi na minane haambiwi hivyo akauliza risiti. Walipanga mstari. Gidudu alitoa pesa za mabati ya mama yake aliyeko Mbale, ambaye nyumba yake ilikuwa imefika kwenye boriti. Ikabaki hapo, na turubai juu.

"Siku ile ungeongea Luganda ningekufukuza," Gidudu alisema njiani kwenda Mbale, kamba mkononi.

"Najua, afande," Conrad alijibu kutoka kwenye paa la gari. "Ndiyo maana sikuongea."

Kesi iliahirishwa tena. Gari likiwa bado linatengenezwa gurudumu, Gidudu alimvuta mahabusu wake hadi kwa mama. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani na upepo unapiga turubai.

"Huyu ndiye alikula mabati yangu?"

"Ndiye, mama."

Mama alitazama juu. "Mbona amekonda? Haya, mwanangu, si uko huko tayari? Shika hiyo kona, inapeperuka."

Conrad akashika. Mvua ilinyesha saa nzima, na kitanda cha mama hakikulowa. Baadaye walimvuta chini, wakala malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, Conrad akaongezwa mara mbili.

Ikawa hivyo kila mwezi, mpaka hukumu. Miaka mitano, na arudishe pesa zote. Waliotumwa kukamata mali yake walipata viti viwili na kibao cha ofisi. Mama, aliyekuja na kigoda chake, alisimama.

"Mheshimiwa, miaka mitano sawa. Sasa mvua?"

Hakimu alipekua faili. Mvua haikuwemo.

Mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa angekaa Jinja, hana la kumpeleka Mbale. Gidudu alianza kulegeza fundo ili alikaze upya kwa safari ya kurudi. Conrad akamgusa bega, akasema anakata rufaa, hapo hapo Mbale. Wakili alimuuliza hoja zake. Hakuwa nazo.

Rufaa inasikilizwa mpaka leo. Mabati hayajaja. Mwezi wa tisa Gidudu alifika tena na kamba yake, mvua ikinyesha, mama akiwa mlangoni na sahani.

"Wamesemaje?"

"Wameahirisha, mama."

"Mungu mkubwa," alisema mama, akainua uso. "Conrad! Unashuka kula sasa, au mpaka ikatike?"

"Mpaka ikatike, mama."