Maharage ya Ncha ya Kitenge

Kitu cha kwanza Clotilda alichokiona kwa yule mama hakikuwa uso wala miguu iliyovimba kwa safari. Kilikuwa fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Alifika mlangoni kwao Murusagamba akaomba maji, akanywa, akanawa, akakaa mkekani, na muda wote huo mkono wake wa kushoto haukuliachia lile fundo. Clotilda alidhani ni pesa. Alizoea kutazama mikono ya watu, kwa sababu macho yao yalimshinda.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mvua za vuli zinaanza, na watu walikuwa wanavuka tena kutoka Burundi. Ernesta, mama yake Clotilda, hakuuliza maswali mengi. Kirundi na Kihangaza, lugha ya kwao Clotilda, vinasikilizana, na jina la mgeni lilitosha: Nyandwi. Siku iliponyesha mvua nzito ya kwanza, Nyandwi alilifungua fundo mwenyewe. Yalikuwa maharage. Ya njano, meusi madogo, mekundu marefu, ya zambarau yenye doa jeupe, na ya kijivu yenye madoadoa kama manyoya ya kanga. Haya ya kijivu hayakuwahi kuonekana pale kijijini. Akaomba kipande cha ardhi pembeni mwa migomba, akayapanda kwa kuchota tu, bila kuchagua, kila shimo likapata lilichopata.

Alikaa nao mpaka maharage yakapanda miti waliyoyachomekea na kuanza kutoa maua. Ndipo likaja tangazo kwamba wakimbizi wanaoishi vijijini wapelekwe kambini, upande wa Kibondo. Gari likasimama barabarani, injini inanguruma. Nyandwi alipanda na kitenge chake kisichokuwa tena na fundo, akainama juu ya ubao wa gari akamwambia Clotilda, "Mwanangu, maharage yangu utayaangalia?"

Clotilda alikuwa na jibu. Lilikuwa limeshafika kooni. Lakini watu walikuwa wengi na wote wanatazama, naye akafanya kama alivyofanya siku zote tangu darasa la tano, alipoacha shule ili amuuguze mama yake: akatazama chini. Alipoinua kichwa, gari lilikuwa linakata kona.

Nyandwi hakuwa na simu, na hakuna aliyejua ameshushwa kambi ipi.

Maharage aliyaangalia kweli. Aliyavuna, akayapaka majivu, akayatia kwenye chungu, akayapanda tena msimu uliofuata na mwingine baada ya huo. Jembe lilikuwa jepesi kuliko lile neno lililobaki kooni. Pengine huko aliko, Nyandwi alikuwa ameshaamini kwamba mbegu za kwao zimeliwa zikaisha. Hilo ndilo lililomkosesha Clotilda raha. Hakutaka sifa wala shukrani. Alitaka mwenye mbegu ajue kwamba zipo.

Pale senta palikuwa na fundi simu, Emilian, kijana wa Bukiriro, mwenye maneno mengi kuliko wateja. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya kompyuta mjini Ngara, akarudi anawaambia watu wote kwamba mtu yeyote anaweza kuwa na tovuti yake, bure kabisa, mradi ana kitu cha kuwaonyesha wenzake. Watu walimcheka, wakamwambia akaionyeshe hiyo tovuti kwanza kwa mwenye nyumba wake anayemdai kodi. Clotilda alipompelekea simu yake iliyopasuka kioo, aliuliza kwa sauti ndogo kama mtu aliye kambini anaweza kuiona tovuti.

"Hata aliye Ulaya," Emilian akasema. "Mradi ana bando. Wewe una kitu gani?"

"Maharage," Clotilda akajibu, na zaidi ya hapo hakueleza.

Emilian alifurahi kama aliyepata mwanafunzi, na kweli alikuwa amempata. Alimfundisha kufungua akaunti, kuchagua jina, kuweka picha, kuandika maneno machache chini yake. Alisema tovuti ndogo lazima iwe na kitu kimoja, ili mtu akiingia asipotee. Kwa hiyo wakachagua maharage ya zambarau, ndiyo yaliyopendeza kwenye picha. Clotilda alikaa na ungo akiyatenga na wenzake, punje baada ya punje, akaona kazi hiyo inamsumbua mikono bila kujua kwa nini. Alijiambia kwamba wafanyabiashara wote hutaka yaliyochambuliwa. Maneno walichukua mfano kwenye tovuti nyingine: "Sisi ni wasambazaji wakubwa wa mbegu bora, karibu tukuhudumie." Alipoyasoma juu ya kichuguu nyuma ya migomba, ambako ndiko mtandao ulishika, aliona kama kuna mtu mwingine amekaa sebuleni kwao na kujifanya mwenye nyumba.

Hakuna aliyeingia. Emilian alimwonyesha mahali pa kuangalia idadi ya wageni, na wageni walikuwa yeye na Emilian. Basi akamwambia tovuti haijitangazi yenyewe, akamwingiza kwenye kundi la wakulima la WhatsApp lenye watu wa mikoa yote. Clotilda alikaa humo kimya kwa majuma, anasoma tu. Mwisho akajikaza. Kwa kuwa hakujua nani ni mkubwa na nani ni mdogo, aliwaandikia wote "Shikamooni", kisha akaweka linki. Mtu mmoja akamjibu, "Marahaba mjukuu wangu, nina miaka kumi na tisa." Kundi zima likacheka mpaka jioni. Aliizima simu, akaenda kupalilia shamba ambalo halikuwa na magugu.

Lakini mmoja hakucheka. Aliuliza kama maharage hayo yanapanda miti au yanakaa chini. Clotilda alijibu kwamba yanapanda, na akataja urefu wa miti. Huyo alikuwa Mhoja, Msukuma aliyehamia Nyamigogo kule Biharamulo, na siku chache baadaye alifika mwenyewe kwa pikipiki, ametapakaa vumbi jekundu. Clotilda alimwamkia, yeye akaitikia, na Ernesta akamletea kigoda.

"Msukuma gani huyu anatembea bila ng'ombe?" Ernesta akamtania.

"Ng'ombe wamekataa kupanda pikipiki, mama."

Walimpeleka shambani. Mhoja alizunguka, akishika majani, akipasua ganda moja hapa na jingine pale, na kila alichopasua kilitoa rangi tofauti. Kisha akaitoa simu yake, akaitazama ile picha, akatazama tena miti.

"Binti, hapa kwenye simu umeonyesha mtoto mmoja," akasema. "Huku shambani naona ukoo mzima. Mbona umewaficha wengine?"

Akaeleza kwamba shamba lake lina upande wa bondeni unaotuamisha maji na upande wa changarawe, na mbegu ya aina moja humwangusha kila mwaka. Alitaka yalivyo, yakiwa pamoja. Aliondoka na mfuko mdogo, Clotilda akabaki amesimama kati ya miti. Alimkumbuka Nyandwi akichota bila kuchagua. Kila nyumba ilikuwa na mchanganyiko wake, hata kwao. Mwanamke hutambua maharage ya jirani yake yakiwa kwenye ungo kama anavyoutambua uso. Je, kwa yale ya zambarau peke yake, Nyandwi angetambua nini? Ya zambarau yako kila mahali.

Kesho yake alimwendea Emilian, akamwambia anataka kubadilisha picha, aweke maharage yote. Emilian akapinga. Mchanganyiko hauuziki, alisema, na zaidi ya hayo walishakubaliana kitu kimoja.

"Siuzi," Clotilda akasema. "Ninamtafuta mwenyewe."

Ikabidi amweleze: fundo, gari, maharage. Hakueleza habari ya jibu. Emilian akaweka bisibisi yake chini.

"Sasa mbona hukusema tangu mwanzo?" akauliza. "Mimi nakutangazia Dar es Salaam, kumbe mtu wako yuko Kibondo."

Safari hii Clotilda aliandika mwenyewe. Aliandika kwamba maharage haya yalikuja yamefungwa kwenye ncha ya kitenge. Kwamba mekundu marefu yalioza mwaka wa mvua nyingi na karibu yaishe, meusi yakavumilia. Kwamba ya kijivu yanachelewa kuiva, lakini mchuzi wake ni mzito. Jina la Nyandwi hakuliweka, maana hakujua aliyekimbia anamkimbia nani. Picha aliipiga mchana kweupe, maharage yote kwenye ungo jinsi yalivyotoka kwenye chungu. Emilian naye akaacha makundi ya wakulima, akawatafuta wachuuzi wanaopeleka ndizi kwenye masoko ya kambini na wanakwaya wenye jamaa huko. Idadi ya wageni ilipanda kidogo tu. Wengi walitazama wakapita.

Maharage ya msimu huo yalikuwa yameanza kukauka mitini ujumbe ulipokuja. Alikuwa msichana anaitwa Ineza, wa kambi ya Nduta. Aliandika kwamba mama yake ameona picha kwenye simu ya mwanakwaya mwenzake na amekataa kuirudisha. Kule kilimani kwao kulikuwa na nyumba moja tu iliyopanda ya kijivu pamoja na ya njano, na mwenye nyumba hiyo wanakutana naye bombani wakienda kuteka maji. Anauliza: ungo huu uko wapi?

Clotilda aliandika jibu, akalifuta, akaliandika tena, akalituma pamoja na namba yake. Siku ya tatu simu ikaita. Alikimbia nayo mpaka juu ya kichuguu. Kwanza alisikia makelele ya watu na ndoo, halafu ile sauti, imechoka zaidi kidogo kuliko alivyoikumbuka.

Nyandwi aliwaulizia wote, mama, migomba, hata mbuzi aliyekuwa na mimba. Aliuliza kama ya kijivu bado yanachelewa, akacheka aliposikia ndiyo. Akasema siku akirudi kwao atapitia Murusagamba na kitenge chake.

"Siku ile nilikuuliza kitu," akasema. "Gari lilikuwa na kelele, sikusikia ulichonijibu."

Clotilda angeweza kuliacha hapo, kelele za gari zikabeba lawama yote. Chini ya kichuguu mama yake alikuwa amesimama anasikiliza, na Emilian aliyekuja kuulizia habari, na jirani aliyepita na jembe. Wote wanamtazama. Clotilda hakutazama chini.

"Sikusema kitu, mama," akasema, kwa sauti iliyowafikia wote. "Nasema sasa. Nitayaangalia."