Punje ya Saba

Shangazi alikuwa hajanyamaza tangu avuke kizingiti cha maabara, na mashine ilikuwa ikimchora.

"Unaona haya mawimbi?" mpwa wake akamwonyesha kwenye skrini. "Ni sauti yako hiyo."

"Mbona mazuri," Shangazi akasema, na mawimbi mengine yakaja.

Siku nyingine mpwa, ambaye kazini walimwita Fundi Vumbi, angecheka. Leo hakuwa na hamu. Mkuu wa maabara alishatoa neno lake: ikifika saa nne asubuhi, punje saba za dhahabu ziwe zimepangwa mstari mmoja. La sivyo mashine inapanda ghorofani kwa wale wanaochunguza rangi za kupaka nyumba, na yeye anarudi kusuuza chupa. Alizisuuza miaka miwili, akazijua zote kwa nyufa zake, na hakuwa na hamu ya kuonana nazo tena.

Punje zenyewe, ukizipanga laki moja, hazifiki upana wa ukucha. Hata darubini ya kawaida haifui dafu. Mashine hii huzitambua kwa kupapasa: sindano yake, nyembamba kupita kiasi, hupita juu ya bamba lililobeba punje ikigusagusa kama kidole cha kipofu, na baada ya dakika nne inakupa picha ya ilichokigusa. Ukitaka kuihamisha punje, unaishusha sindano kidogo, unaiswaga punje kama kuku mkaidi. Kisha unapapasa tena uone imekimbilia wapi.

Sita zilikuwa zimekaa sawa. Akaisukuma ya saba, akapapasa, picha ikashuka taratibu. Punje kumi na mbili, zimesimama mbili mbili.

"Zimezaa," Shangazi akasema.

"Hazijazaa." Fundi Vumbi aliisogelea skrini. "Ya saba imeganda kwenye sindano. Sasa sindano ina ncha mbili, kila kitu inakigusa mara mbili."

"Si ubadilishe sindano."

"Hii ndiyo ya mwisho. Nyingine zinakuja baada ya miezi mitatu."

Shangazi alikuwa na miaka arobaini nyuma ya cherehani, na ndiye aliyemlea huyu binti tangu akiwa na miaka sita. Alikuja kwa sababu majirani walimuuliza binti anafanya kazi gani, naye akakosa jibu, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, aliona kitu anachokijua.

"Mimi sindano ikishika gundi ya bitana, siikwangui. Naichoma kwenye kitambaa cha pembeni, mara moja tu, mbali na nguo ya mteja."

Wazo hilo Fundi Vumbi alikuwa nalo, ila aliliogopa. Sindano ikibanwa kupita kiasi inavunjika, na habari inaishia hapo. Lakini kulisikia kwa sauti ileile iliyomfundisha kutunga uzi kulimpunguzia woga. Akaipeleka sindano kwenye kona tupu ya bamba, akaibana kidogo, akaiinua, akapapasa. Punje ilikuwa imelala pale, moja tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila sasa ilikuwa mbali na zile sita, na saa ilikuwa tatu na nusu.

"Shangazi, naomba unyamaze. Sauti yako inaitikisa sindano."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa."

Hata usingizini Shangazi hakuwahi kunyamaza nusu saa. Alimtazama mpwa wake, akafungua mkoba, akatoa kikebe cha pini, akazibana tisa midomoni kama afanyavyo anapopima pindo la gauni. Huo ndio wakati pekee wa siku ambao hasemi. Mawimbi yakatoweka kwenye skrini.

Fundi Vumbi akasukuma, akapapasa, akasukuma. Punje ilikwenda, ikakataa, ikakimbilia kulia, ikarudishwa. Nyuma yake hakukusikika hata pumzi, na katikati ya kazi aliona wazi kabisa kwamba anapendwa, kwa pini tisa.

Saa nne Mkuu akaingia. Picha ya mwisho ndiyo kwanza imemalizika: saba, mstari mmoja. Akainama, akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Mashine inabaki," akasema. Akamgeukia mgeni. "Na wewe mama, unaonaje?"

Shangazi akazitoa pini moja moja, akazishika kiganjani. Akasogelea skrini, akafumba jicho moja.

"Ya tatu imetoka nje."

Mkuu akacheka. Fundi Vumbi hakucheka, alipima. Ya tatu ilikuwa imetoka nje, kwa nusu ya upana wake.

"Mama, hiyo hata sisi hatukuiona," Mkuu akasema.

"Mteja haoni. Fundi anajua."

Neno lililofuata Fundi Vumbi alilijua kabla halijatamkwa. Alilisikia utoto wake wote, juu ya kila pindo aliloshona kwa haraka, na mara nyingi lilimliza.

"Fumua," Shangazi akasema.

Fundi Vumbi akavuta kiti, akaishusha sindano. Mkuu wa maabara akafungua mdomo apinge. Shangazi akampa pini tatu, na zilizobaki akazirudisha midomoni mwake.