Ukoo wa Punda

Chumba cha mafundi katika kituo kile cha redio kilikuwa na ukuta mmoja ambao hata mfagiaji hakuthubutu kuugusa. Ulipigwa misumari, na kwenye kila msumari ilining'inia hedifoni moja, zote za kiwanda kimoja na za toleo moja, lenye jina la herufi na tarakimu ambazo hakuna aliyejisumbua kuzikariri. Pale kituoni ziliitwa Punda. Ziliangushwa, zikakaliwa, zikamwagiwa chai, na kesho yake zikaamka tayari kwa mzigo.

Mwenye ukuta huo alikuwa fundi mkuu wa sauti, ambaye wenzake walimwita Sikio. Jina alipewa kwa heshima, na yeye alilivaa kwa majivuno. Ukimpelekea mgeni, ujue umempoteza huyo mgeni mpaka jioni, kwa sababu hakumwachia mtu kabla ya kumtambulisha kwa ukoo mzima.

"Huyu ndiye Babu," alianza, akionyesha msumari wa juu kabisa. "Utepe wa kichwani ni wa chuma, skrubu kila mahali. Unamfungua kwa bisibisi moja, unambadilishia kiungo, unamfunga. Hafi huyu, anafanyiwa upasuaji tu."

Kando ya Babu alikaa Bibi, ambaye ni Babu yuleyule ila waya wake umejisokota kama springi. Watangazaji waliomvaa Bibi waliweza kutembea chumba kizima, hadi pale waya uliponasa kwenye kitasa na kuwarudisha kitini kinyumenyume. Chini yao alikuja Baba, mwepesi zaidi, rangi ya majivu, waya ulionyooka. Mjomba alikuwa na sikio moja tu, maana alitengenezwa kwa ajili ya wapiga picha, ambao sikio la pili huliweka wazi wamsikie bosi. "Ndivyo alivyozaliwa, usimcheke," Sikio alimwonya mgeni. Shangazi alitengenezwa kwa ajili ya vinasa sauti vidogo vya mkononi visivyo na nguvu, kwa hiyo ukimchomeka kwenye mitambo mikubwa alipiga kelele mtaa mzima ukajua. Kiwanda kiliposherehekea miaka yake kilitoa mmoja wa rangi ya fedha, Bwana Harusi, ambaye kwa kweli alikuwa Baba aliyevaa suti. Wa mwisho alikuwa Kitindamimba, mwenye waya wa kuchomoa, na huyo Sikio alimtambulisha akiwa amegeuza uso pembeni.

Maana kwa masimulizi ya Sikio, historia ya ukoo huo ilikuwa historia ya kuporomoka. Babu alikuwa na sauti ya juu iliyo safi, ile nyembamba inayobeba pumzi ya msemaji na mchakacho wa karatasi. Baba alipungukiwa kidogo. Bwana Harusi alipungukiwa zaidi, suti yake na yote. Kumvaa Kitindamimba ilikuwa ni kujifunika blanketi kichwani. Kiwanda, alisema, kinawapunja watu kimyakimya, kila toleo kinakata kipande cha sauti kikidhani hakuna atakayejua. "Mimi najua," alimalizia, akigonga sikio lake kwa kidole.

Wala hazikuwa hedifoni peke yake. Simu za siku hizi hazikulia, zilitetemeka tu. Kengele ya mlango aliyonunua mkewe ilikuwa mbovu tangu dukani, ingawa mkewe, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliinuka kila mara wakati mwafaka na kukuta mgeni kasimama nje. Ndege wa asubuhi walikuwa wamehama mtaa. Dunia nzima ilikuwa inatengenezwa kwa mali hafifu, na Sikio aliisikitikia.

Kipimo chake kilikuwa kanda moja. Aliirekodi nyumbani mwaka waliooana: mkewe anatikisa fungu la funguo karibu na maikrofoni, anacheka kidogo, halafu kimya, na ndani ya kimya hicho wanasikika nyenje wa nje ya dirisha. Funguo zinaipima hedifoni vizuri, nyenje wanaipima vizuri zaidi. Kwa Babu, alisema Sikio, nyenje walijaa chumba. Kwa Kitindamimba hakuwemo hata mmoja, sasa ushahidi gani tena mtu anataka? Ila Babu mwenyewe hakuwa amevaliwa kwa miaka. Sikio alimbadilishia mito ya masikio ilipochakaa, akampangusa vumbi, akamrudisha msumarini. Alimheshimu mno hata asimpe kazi.

Sasa, mtu anayeona sauti za juu zimepungua, na mkono wake uko kwenye meza ya mitambo, unadhani atafanya nini? Ataziongeza. Sikio aliziongeza, mwaka huu kidogo na mwaka uliofuata kidogo tena, kwa nia njema kabisa, ili wasikilizaji wasidhulumiwe na kiwanda.

Aliyeumia ni msomaji wa habari, mtu wa tai na marashi ambaye kituo kizima kilimwita Bwana Taarifa. Kila S iliyotoka kinywani mwake ilifika redioni ikichoma kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama ana nyoka mdomoni. Bwana Taarifa alimwendea Sikio akiwa mnyonge kabisa.

"Mzee, hii mitambo mbona inaniunguza?"

"Mitambo haina neno, ndugu yangu," alisema Sikio. "Hayo ni meno."

Bwana Taarifa akaenda kwa daktari wa meno, akazibwa pengo. S zikazidi. Akaenda tena, akang'olewa jino lililopinda kidogo, na S zikazidi tu. Hapo maji yalikuwa yamemfika shingoni, akaanza kuzikwepa. Serikali ikawa "wakuu wa nchi", wasichana wakawa "mabinti", na mwanasiasa mmoja mashuhuri akatajwa kwa cheo chake tu mwezi mzima mpaka akapiga simu kulalamika. Lakini wakati wa siku haukwepeki, na kila ilipotimu saa sita na dakika sita Bwana Taarifa alifumba macho kama mtu anayeruka mtaro, akajitosa.

"Mume wangu, huyu mtu anatutoboa masikio," mkewe Sikio alisema jioni moja akiipunguza redio.

"Meno," alijibu Sikio, na kuendelea kula.

Mambo yalichacha siku mkurugenzi alipoitisha kikao kuhusu studio mpya. Alikuwa mama asiyepandisha sauti, na watu walimwogopa kwa hilo hasa. Alitaka studio yote ivalishwe Kitindamimba. Sikio alisimama na kuhutubia juu ya kuporomoka kwa ukoo, kuanzia Babu. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, kiwanda kinasema spika ya ndani ni ileile tangu huyo Babu," alisema. "Wamebadilisha waya, utepe na rangi."

"Kiwanda kinasema," alisema Sikio, akiwatazama wenzake wacheke naye. "Nifungeni kitambaa usoni, mnivishe ukoo mzima mmoja mmoja. Nitamtambua Babu kwa nyenje tu. Nikishindwa, kiti cha mitambo nakiacha."

Hakuna aliyekuwa amemdai kiapo. Kilimtoka chenyewe, mbele ya kituo kizima, na kiti hicho ndicho alichokuwa nacho maishani. Alikikalia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na bila kiti hicho angekuwa mzee mwenye bisibisi. Aliogopa kidogo, halafu akamkumbuka Babu, akatulia.

Jaribio lilifanyika kwenye studio ya zamani. Kitambaa kilikosekana, kwa hiyo alifungwa macho kwa tai ya Bwana Taarifa, akakaa pale ananukia marashi ya watu. Mkurugenzi aliushika utepe wa kila hedifoni juu kidogo ya kichwa ili uzito usimpe siri. Bwana Taarifa ndiye aliyeiendesha kanda.

Zikaja funguo, kikaja kicheko cha mkewe, kikaja kimya.

"Kitindamimba," alisema Sikio. "Nyenje hamna. Endelea."

Wakambadilishia. Funguo, kicheko, kimya.

"Kitindamimba tena. Msinichezee shere."

Wakaendelea. Mjomba na sikio lake moja alimtambua, na hata asiyekuwa fundi angemtambua. Shangazi naye alijitambulisha mwenyewe kwa makelele. Waliobaki wote walikuwa blanketi tupu, na Sikio aliwatukana mmoja baada ya mwingine huku moyo ukimwambia kwamba Babu amewekwa mwisho kwa makusudi, ili shangwe iwe kubwa. Kisha hakuvishwa tena chochote.

"Bado Babu," aliwakumbusha.

"Babu alikuwa wa pili, Mzee," alisema mkurugenzi.

Sikio aliivuta tai kutoka usoni. Babu alikuwa mezani mbele yake, utepe wake wa chuma uking'aa vile alivyoung'arisha mwenyewe.

"Basi ameharibika. Au kanda imechoka, nyenje wamefutika."

Bwana Taarifa alimchukua Babu, akamvaa, akairudisha kanda nyuma. Ilipofika kwenye kimya alikunja uso na kuinua utepe. "Mbona wapo, Mzee? Tena wana fujo." Akamvaa Kitindamimba. "Na huku wapo. Walewale." Mkurugenzi naye akavaa, huyu kisha yule, akatikisa kichwa kukubali.

Sikio aliwashuku. Kwa miaka yote aliyomcheka Bwana Taarifa, kama kungekuwa na siku ya kulipiziwa ingekuwa leo. Alinyanyuka, akachomoa hedifoni zote, akaifungulia kanda kwenye spika kubwa za studio mwenyewe kwa mkono wake. Funguo ziligonga kizito. Mkewe alicheka. Kikaja kimya, na ndani ya kimya hicho mkurugenzi alikuwa ameinua kiganja kuziba sikio, na Bwana Taarifa alikuwa amebana macho. Hawakuwa wanaigiza. Watu hawawezi kuigiza vizuri hivyo kwa pamoja.

"Wanalia sasa hivi?" aliuliza.

"Wanalia, Mzee," alisema Bwana Taarifa, kwa upole ambao Sikio hakuutegemea na uliomuumiza kuliko kicheko.

Aliketi. Alifikiria simu, alifikiria kengele ya mlango na mkewe anayeinuka kila mara, alifikiria ndege, ambao hawakuwa wamehama kwenda kokote. Kiwanda hakikuwa kimemwibia mtu. Alisikia uchungu na aibu kwa pamoja, kwa sababu alikuwa ametembea mjini miaka yote hiyo akihesabu miaka ya kuzeeka kwa masikio yake na kuiita matoleo.

Kisha macho yake yakaangukia kwenye kitufe cha sauti za juu, pale mezani. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho wake.

"Yale meno yako," alisema bila kugeuka.

"Meno gani?"

"Yako. Hayakuwa na kosa lolote. Nilikuwa mimi, kwa mkono wangu, hapa."

Bwana Taarifa alitazama kitufe, akamtazama Sikio, akapitisha ulimi kwenye pengo.

"Nimeng'oa jino, Mzee."

"Najua."

"La karibu na mbele."

"Najua, ndugu yangu. Nisamehe. Sina cha kukurudishia."

Sikio aliinuka, akalisogeza kando koti lake lililokaa kwenye mgongo wa kile kiti tangu asubuhi, akarudi nyuma hatua chache, akakiacha wazi. Mkurugenzi hakumzuia, maana kiapo kilikuwa cha mwenyewe. Bwana Taarifa ndiye aliyekitazama kiti, akatazama msitu wa vitufe ulio mbele yake, akavuta kigoda, akakiweka kando ya kiti na kukikalia yeye.

"Kaa, Mzee. Mimi sijui hata kimoja kati ya hivi ni cha nini. Wewe utazungusha, mimi nitakwambia."

"Nimekula kiapo."

"Uliapa kukiacha, na umekiacha. Sasa nakukaribisha mimi."

Sikio alisita, akakikalia kiti. Mkurugenzi aliingia upande wa maikrofoni na kusoma alichokikuta, habari ya serikali iliyosisitiza usafi wa masoko. Bwana Taarifa alivaa hedifoni ya kwanza iliyomjia mkononi, akatega, akakunja uso.

"Shusha."

Sikio akashusha.

"Bado. Shusha tena."

Akashusha tena. Masikioni mwa Sikio mkurugenzi alisoma vilevile, sauti ileile ya ndani ya blanketi, kana kwamba kitufe hakikuunganishwa na chochote duniani. Alimtazama Bwana Taarifa usoni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Tena. Polepole. Hapo," alisema Bwana Taarifa, na mkunjo wa uso ukamtoka. "Hapo hapo, usiguse."

Sikio hakusikia tofauti hata chembe. Akaondoa mkono wake.