Aliyepiga Kelele Ni Mimi

Filister alikuwa mama fua. Kila Jumanne na Ijumaa alitoka kwake Mashimoni, Kibera, akapita Ayany kwa miguu hadi Kawangware, upande unaokaribiana na Riruta, kufua nguo katika ploti ya Wagaki, yenye nyumba za kupangisha. Wagaki alikuwa mjane, mtu wa kanisa kama yeye, lakini si mtu wa maneno mengi. Wiki iliyotangulia shuka mbili ziliibwa kambani, naye akamwambia Filister, "Mama Daisy, sikulaumu. Lakini kikipotea kingine, nitatafuta mtu mwingine."

Kwa hivyo Ijumaa hiyo Filister alifua huku akigeuka geuka. Saa nne hivi aliinama kukamua suruali. Alipoinuka, blanketi jekundu halikuwa kambani. Langoni, mwanamume wa ovaroli asiyemjua alikuwa anatoka, blanketi jekundu limekunjwa kwapani.

"Mwizi!" Filister akapaza sauti. "Mshikeni huyo, mwizi!"

Neno hilo halihitaji kurudiwa Kawangware. Watu wa bodaboda waliacha pikipiki zao stejini. Yule mtu aligeuka kutazama ni nani anayeitwa, na alipoona macho yote yako kwake, akakimbia. Mbio ndizo zilizomponza.

Filister alikuwa anafuta povu mikononi Wagaki alipotokea nyuma ya nyumba.

"Kuna nini?"

"Blanketi lako. Lakini wamemshika."

Wagaki akamtazama. "Blanketi nimelihamisha mimi. Nimelianika huku nyuma, kwenye jua."

Sauti za barabarani zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa tena za watu wanaokimbiza, zilikuwa za watu waliofika.

"Usiende," Wagaki akasema, akamshika mkono. "Watu wakikasirika hawachagui. Ngoja nipigie polisi."

"Piga. Mimi naenda."

Alisema hivyo, lakini alipofika langoni alisimama. Jumatano alikuwa amewafundisha akina mama wa kanisa lake habari ya ulimi, jinsi unavyoweza kuua. Sasa alikuwa anawaza kitu kingine kabisa: kwamba hakuna mtu barabarani aliyemwona akipiga kelele. Angeweza kupitia mlango wa nyuma, arudi Kibera, na asijulikane milele. Alilifikiria jambo hilo kwa muda ambao mtu angesali sala fupi. Hakusali. Kisha akaanza kukimbia.

Watu walikuwa wamemzunguka yule mwanamume kwenye kona ya muuza mbao. Alikuwa chini, damu ikitoka sikioni. Mtu mmoja alikuwa anaviringisha tairi kuukuu la kumchomea. Gathogo, mwenyekiti wa bodaboda wa hapo, mtu mnene mwenye sauti nzito, alishika kipande cha mbao.

"Si mwizi," Filister akasema. Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, akasukumwa. Mwishowe akapenya hadi katikati, akaketi chini kando ya yule mtu, akanyoosha miguu kama mwanamke aliye matangani. Hapo ndipo walipomwona.

"Mathe, toka hapo," Gathogo akasema.

"Huyu hajaiba."

"Unamjua?"

Angeweza kusema ni ndugu yake. Uongo huo ulikuwa karibu kabisa na mdomo.

"Simjui."

"Sasa unamtetea aje mtu humjui?"

"Aliyepiga kelele ni mimi. Nilikosea."

Halafu mmoja wa nyuma akasema, "Basi achapwe yeye," na jiwe likampiga Filister begani. La pili likapita karibu na sikio. Akaliinua blanketi lililoanguka. Ukingo wake ulikuwa umefumuka, nyuzi zikining'inia. "Hili limeraruka. Lililokuwa kambani ni zima. Angalieni."

Hawakuangalia. Waliangalia nyuma yake, kwa sababu Wagaki alikuwa anakuja, bila kiatu kimoja, amekumbatia blanketi bichi lililomlowesha kifua chote. Huko watu walimjua. Akalitupa mbele ya Gathogo.

"Langu ndilo hili," akasema. "Huyo ni mpangaji wangu. Kaloki. Amehamia juzi. Mnaua mtu wangu kwa nini?"

Gathogo alitazama lile blanketi, kisha mbao iliyokuwa mkononi mwake, kisha Filister. "Mnatuchezea na roho ya mtu," akasema. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kutazamana. Ni Gathogo huyo huyo aliyemwinua Kaloki, akampakia kwenye pikipiki na kumpeleka kliniki.

Kaloki alikuwa fundi wa mawe. Asubuhi ile alikuwa anapeleka blanketi kwa mshonaji. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivunjika, na sikio la kushoto likaacha kusikia. Jumamosi Filister alikwenda kumwona. Mke wake, Wanza, alifungua mlango, akasikia jina la Filister, akaufunga.

Jumapili kanisani Mashimoni, Pasta Ojwang alikuwa amesikia kwamba Filister amemwokoa mtu. Alimwita mbele atoe ushuhuda, na akina mama wakapiga vigelegele. Filister akaeleza yote, hata kule kusimama langoni. Hakuna aliyesema amina. Marion, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Labda ungeanzia pale ulipomtetea," Pasta alimwambia baadaye, kwa upole. "Watu wajengeke."

"Pale mwanzo ndipo pangu, Pasta. Aliyemwokoa ni Wagaki."

Jumanne Filister alibisha tena mlango ule. Kaloki mwenyewe akafungua, mkono umefungwa. Akamgeuzia sikio zima.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nikiwa pale chini, nilikuwa najiuliza nimemkosea nani. Uliniona uso?"

"Hapana. Niliona blanketi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akilingoja jibu hilo. "Sijakusamehe. Nisikudanganye."

"Sawa."

"Na usiniombee. Wote wanakuja hapa kuniombea, hakuna anayeuliza kama nimekula."

Filister, ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mgonjwa bila kuomba, alikuwa tayari amefumba macho. Akayafumbua.

"Umekula?"

"Bado. Wanza ako kazi. Na mkono huu hausongi ugali."

Aliingia, akawasha jiko, akateleka maji. Alisonga ugali, akakaanga sukuma iliyokuwepo, akamwandalia. Kaloki alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu. Filister alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, bega likimuuma bado, akaangalia sahani hadi ikaisha.

"Ijumaa unakuja kufua?" Kaloki akauliza.

"Wagaki hajanifukuza."

"Basi pitia."

Filister akaiosha sahani, akaifudikiza, akatoka.