Shimo la Mto Tihava

Tihava si mto wa kujivunia. Unachomoka chini ya mwamba upande wa mashariki wa bonde, unazungukazunguka mbugani kama mlevi anayetafuta kwake, kisha unamezwa na shimo chini ya mlima wa magharibi, na unakoishia ajuaye ni Mungu. Shimo likizibwa na magogo, bonde zima linageuka ziwa na majani ya ng'ombe yanaoza. Ndiyo maana kila kiangazi, maji yakipungua, nyumba moja hupewa zamu ya kushuka kulisafisha. Mwaka huo zamu ilimwangukia Blaž.

Mkewe, Polona, alikuwa akifua kwenye chemchemi ya Tihava, chini ya mwamba, jua kali, mbinguni hakuna hata wingu la kusingizia. Ghafla maji yakawa ya baridi mikononi mwake. Kisha yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na mwamba ukakohoa. Mvua ilikuwa imenyesha nyuma ya mlima, wasikoona wao, na sasa mto ulikuwa unakuja, na mumewe yumo shimoni.

Alipanda mbio hadi kanisani. Mzee Gregor, mtunza kanisa, alikuwa mlangoni anamenya viazi.

"Baba Gregor, piga kengele. Mto umechafuka na Blaž yuko chini."

"Taratibu, binti, utaanguka. Blaž ana masikio yake."

"Piga, nakuomba, na usiache mpaka nirudi."

Gregor ni mbishi wa mdomo tu. Aliviacha viazi, akashika kamba.

Polona alikuwa keshafika mbugani, kengele inalia nyuma yake, alipowaona watu waliokuwa wakianika majani wakitupa reki na kujipenyeza chini ya mkokoteni. Akasimama kama aliyepigwa kofi. Kwao, kengele ya mchana wa kiangazi, pasipo misa wala maiti, ina maana moja tu: inafukuza mvua ya mawe. Anayeisikia hukimbilia paa lililo karibu. Na Blaž alikuwa na mlima mzima juu ya kichwa chake.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga wa kutupwa."

Kurudi kwa Gregor kungempotezea muda. Akakimbia mbele. Heri yake ilikuwa moja: Tihava hauna haraka, huzunguka kila kichuguu kana kwamba unakisalimia, na yeye alikata mbuga moja kwa moja. Lakini kila alipovuka kona ya mto, maji yalikuwa yamepanda. Kwanza yalimfika vifundoni, kisha magotini, na mara ya mwisho yalimzoa miguu, akanusurika kwa kung'ang'ania tawi. Aliogopa, tena sana, na hakuona aibu kulia huku akikimbia.

Mdomoni mwa shimo ngazi ilikuwa imeegemea mwamba. Mtu hakuonekana.

"Blaž, toka."

"Ingia wewe, mke wangu." Sauti ilitoka mbali ndani, yenye furaha tele. "Unataka upasuke kichwa? Huisikii kengele?"

"Hakuna mvua ya mawe. Toka, nakwambia."

"Gregor halewi mchana. Njoo, nafasi ipo, hata mama yako angeenea."

Angekuwa karibu angemzaba kibao. Nyuma yake maji yalianza kupenya kwenye uzio wa magogo uliokinga mdomo wa shimo, yana povu na vijiti.

"Kengele nimeipigisha mimi," akasema. "Ni mto, Blaž. Mto unakuja."

Akasikia buti zikikwaruza mawe, na pumzi za mtu anayekimbia kwenye giza. Maji yalimpita Polona ubavuni, yakaporomokea ndani. Alilala kifudifudi, akamkamata Blaž ukosi wa shati, ukachanika. Akamkamata nywele, zikashika. Ngazi ikaenda na maji.

Walikaa nyasini, shimo likinguruma chini yao. Blaž alikuwa mweupe kama unga. Alitazama mahali ngazi ilipokuwa.

"Nilikuwa natoka, unajua," alisema kwa upole. "Njaa ilinishika. Nilikuwa nimeshafika juu ya ngazi kengele ilipoanza, ndipo nikarudi ndani."

Huko kanisani, Gregor aliendelea kupiga kwa nguvu zake zote, kama alivyoambiwa.