Jina Kati ya Maryann na Peris

...na si kwamba alikuwa anatafuta sifa, hapana, Metrine alikuwa amechoka tu, nani hangechoka, kila wiki kuburuta jina moja moja kwenye menyu ya tovuti kwa kidole mpaka kidole kife ganzi, huyu chini ya Kenya, yule chini ya Uganda, ukiteleza kidogo Zipporah anageuka Mganda na Bosi Hamad, kaka yake madam, anapiga simu kutoka ofisini kwake Jeddah akifoka kana kwamba umemchomea kanzu na pasi, ndiyo maana wiki jana Metrine akatafuta plagini, kiprogramu cha nyongeza, akaiweka kwenye tovuti, akatia alama pale palipoandikwa kila ukurasa mpya uingie kwenye menyu wenyewe, ukae chini ya nchi yake, upangwe kwa herufi, halas, basi, na hakumwambia madam, amwambie ili iweje, madam akijua kazi imepungua si atamtoa kwenye laptop amrudishe kwa mazulia, kwa hiyo leo baada ya alasiri amekaa hapa Riyadh, meza ya jikoni kwa madam, chai ya maziwa iko motoni haijachemka, laptop iko wazi, anajifanya anaburuta majina ya wanawake wanaotafutiwa nyumba za kufanyia kazi na ofisi ya Bosi Hamad, na kumbe anapumzisha mgongo na kuhesabu siku, kumi na tisa, aki siku kumi na tisa tu mkataba uishe apande ndege arudi Bungoma kwa mtoto wake Ivy, ngoja kwanza aone plagini imefanya nini tangu asubuhi, Kenya, kishale, orodha inashuka, Maryann, Metrine, Peris, Zipporah... ngoja. Metrine? Ah, akina Metrine ni wengi, nusu ya Bungoma ni Metrine, anabofya huku anacheka, masikini ni nani huyo mwenye jina langu, na picha inafunguka, na ni yeye.

Ni yeye, wala si wa kufanana naye, ni yeye mwenyewe na dera la kijani alilopewa Idi, mgongoni kabati la vyombo lilelile analoliona sasa hivi akiinua macho, cheka, Metrine, cheka, madam alisema siku ile, nimtumie mama yako picha aone umenenepa, akacheka, mjinga wa mwisho, meno yote nje... na chini yake Kiarabu, na Kiarabu hiki anakisoma bila kusaidiwa maana amekibandika mara thelathini kwenye kurasa za wenzake, Kenya, miaka ishirini na tisa, Mkristo, anapika, watoto, wazee, kompyuta ndiyo, uhamisho wa kafili, yaani wa mwajiri mdhamini, Jeddah, yuko tayari mwezi huu, sababu familia inahama. Inahama kwenda wapi! Zulia jipya limeletwa juzi, yeye ndiye aliyelitandaza kwa magoti, kuhama gani huko! Anatazama nani aliuweka ukurasa, Hamad, leo, saa saba na dakika kumi, saa ambayo yeye alikuwa anawaandalia chakula na madam anamwambia kula, Metrine, kula nyama, umekonda... "Aywa, shatra, hodari sana," sauti ya madam inatoka sebuleni, yuko kwenye simu na huyohuyo Hamad, "hata kompyuta anajua... la, hajui bado, mpaka afike Jeddah," na kicheko kidogo, na Metrine anaelewa jinsi walivyopanga, walijua ukurasa mpya haupandi kwenye menyu mpaka Metrine auburute, na nani amwambie Metrine ajiburute mwenyewe, wangetuma kiungo kwa hiyo familia ya Jeddah na yeye asingeona kitu, ila hawakujua kwamba Metrine alichoka kidole, ala, uvivu wake ndio uliomwambia ukweli, watu wote nyumba hii hakuna aliyemwambia isipokuwa plagini.

"Metrine! Ile namba imekuja kwenye simu yako?" "Bado, madam." Na ni kweli bado, simu iko pale kando ya sukari, kimya, namba ya tiketi, madam alisema asubuhi akimshika bega, tarakimu nne tu, ikija unisomee haraka, habibti, na Metrine alifurahi mpaka akaimba akiosha vyombo, tiketi jamani, akamwona Ivy kichwani na ile kalenda anayoikata siku kwa kalamu nyekundu, mami nikikuchekea utaona pengo langu, nitaliona mama, nitaliona... na tarakimu nne alishawahi kuzisikia, kwa nani, kwa Rosebellah, aliyeshuka naye ndege moja, Rosebellah ambaye sasa analala mtaa wa Karantina huko Jeddah chumba kimoja na wanawake sita, ikama, kibali chake cha kukaa, imekufa, kurudi kwao hawezi, kukaa hawezi, sauti yake ikaja kwenye simu mwezi wa tatu imekauka, Metrine usimsomee mtu namba, mimi nilisoma moja, ya tiketi walisema, kumbe ni ya kukubali kafili mpya, nilikubali bila kujua nimekubali, na Metrine alifanya nini, alisikiliza nusu akazima, akasema moyoni Rosebellah naye mdomo, lazima alijibizana na watu, mimi madam wangu ananipenda, mimi nakaa na kompyuta, mimi si kama hao... si kama hao! Na hao ndio hawa, Maryann, Peris, Zipporah, aliowapanga kwa mkono wake wakapangika, picha ya Zipporah ilikuja macho mekundu, akaikata, akaipa mwanga, akajiona fundi, hakujiuliza Zipporah alikuwa analilia nini. Aibu inampanda shingoni kama joto la jiko. Anaona aibu, na anaogopa, na ana hasira, vyote pamoja.

Fanya kitu, we Metrine. Afute ukurasa? Hamad atajua. Auache kwenye menyu? Madam akija kuangalia atauona, atajua kwamba ameona, simu itachukuliwa, mlango utafungwa kwa ufunguo... plagini ina sehemu ya kurasa zisizotakiwa kwenye menyu, anaitafuta, anaandika Metrine, anatia alama, hifadhi, gurudumu linazunguka, linazunguka, jamani zunguka upesi, Kenya, kishale, Maryann, Peris, Zipporah. Hayupo. Anapumua. Halafu anakumbuka, maana anajua kazi yake, ukurasa wenyewe upo palepale, menyu ni mlango wa mbele tu, mwenye kiungo anaingia, amejiondoa machoni pake mwenyewe tu, basi, huko Jeddah bado anacheka na dera la kijani, yuko tayari mwezi huu, na pasipoti iko kabatini kwa madam, na geti linafunguliwa kwa rimoti iliyo kwenye pochi ya madam, na kati ya hapa Riyadh na Bungoma hana hata kitu kimoja cha kushika... simu inatikisika kando ya sukari. Mara moja. Tarakimu nne.

Anazitazama. Sifuri, saba, saba, mbili. Chini yake imeandikwa, inaisha baada ya dakika tano, usimpe mtu yeyote. Usimpe mtu, hata simu inamwambia sawa na Rosebellah... na hapo ndipo inapomjia, pole pole, kwamba wana pasipoti, wana geti, wana picha, wana meno yake yote, na bado wamekaa, mmoja sebuleni, mmoja Jeddah, wanangoja kitu kutoka kwake, hawawezi kumhamisha bila yeye, madam na nyumba yake na kaka yake, wanamngoja Metrine wa jikoni afungue mdomo. Dakika tano. Na ikitumwa nyingine itakuwa dakika tano nyingine, na siku ni kumi na tisa, atazikata moja moja kama Ivy.

"Metrine! Namba?" Anaigeuza simu kifudifudi, anaiwekea bakuli la sukari juu. "Mafi, madam," anasema, na sauti inatoka laini kama kawaida yake, "haijakuja." "Na chai?" Anachungulia sufuria. Maziwa bado yametulia. "Chai bado, madam."