Tairi Pana, Ringi Nyembamba

Kimbunga alikuwa amejitapa kwamba akishindwa na shemeji yake katika mbio za magari, atamwita "bingwa" mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo alinunua matairi mapana ajabu, akataka yafungwe kwenye ringi zake zilezile nyembamba.

"Yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta," alisema mkewe, ambaye ndiye fundi wake. "Ukikata kona yatalala ubavu, yachomoke."

"Kaka yako amekutuma, eti? Funga!"

Mke akafunga shingo upande.

Gari liliyumba kama mlevi tangu mwanzo. Kwenye kona ya mwisho tairi la mbele likachomoka, likampita Kimbunga, likampita na shemeji, likavuka mstari peke yake. Kimbunga akafika wa mwisho, ringi ikikwaruza lami.

"Tairi langu limeshinda!" alipiga kelele.

"Haya, shemeji, chagua," alisema mwenzake huku akijishika mbavu. "Bingwa ni mimi au ni tairi?"

Ukoo mzima ulikuwa umejipanga uzioni. Kimbunga akapiga magoti, akalikumbatia tairi lililokuwa bado la moto.

"Hongera, bingwa," akaliambia.